Uvimbe na Majina Yake: Jina Linaamua Nini, na Linaficha Nini?

Majibu ya maabara mara nyingi huja yakiwa na neno moja refu linaloishia na "-oma", na kuanzia hapo kila mtu hulielewa anavyojua. Mmoja anaandikiwa lipoma, anakosa usingizi kwa wiki kadhaa akidhani siku zake zimehesabiwa. Mwingine anaandikiwa melanoma, anarudi shambani kwa amani kwa sababu hakuna mahali alipoliona neno saratani. Makosa yote mawili yana gharama. La kwanza huuzisha watu ng'ombe na viwanja kwa ajili ya tiba wasiyoihitaji. La pili humfikisha mgonjwa hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa.

Uchambuzi huu unaeleza jinsi wataalamu wanavyougawa uvimbe na kuupa majina, misimamo minne inayoshindana kuhusu mgawanyo huo, na mahali ambapo kila msimamo una nguvu au unapwaya. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo wa saratani na isiyo saratani ni wa lazima, lakini peke yake hautoshi kumwamulia mgonjwa afanye nini.

Mkanganyiko unatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni mazungumzo ya kila siku. Mtaani, uvimbe ni jipu, mtoki, busha, ngiri, rovu, na pia saratani. Vyote huvimba, lakini vinatokana na mambo tofauti kabisa: usaha, maji, utumbo uliotoka mahali pake, tezi iliyokosa madini joto, au seli zinazozaliana ovyo. Uvimbe unaojadiliwa hapa ni huo wa mwisho tu.

Chanzo cha pili ni kwamba jina la kiungo hugeuka kuwa jina la ugonjwa. Tunasema "mzee ana tezi dume", wakati kila mwanamume amezaliwa na tezi hiyo. Inaweza kutanuka kwa sababu ya umri, na inaweza kupata saratani. Kutanuka si hatua ya kwanza ya saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Vyote huweza kusumbua mkojo, na vyote huweza kupandisha kipimo cha damu cha PSA. Ndiyo maana kipimo hicho peke yake hakimalizi ubishi.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanawake. "Uvimbe kwenye kizazi" kwa kawaida ni fibroidi, zinazoota kwenye misuli ya mji wa mimba na ambazo kugeuka saratani ni jambo la nadra mno. Saratani ya mlango wa kizazi ni ugonjwa mwingine, na karibu yote husababishwa na virusi vya HPV. Mwanamke anaweza kuishi na hofu ya fibroidi zake huku akiahirisha kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho ndicho kingemwokoa.

Chanzo cha tatu ni majina yenyewe ya kitabibu. Yana kanuni, lakini kanuni hizo zina mianya mingi.

Kinachotenganisha saratani na isiyo saratani

Seli za mwili huzaliwa na kufa kwa utaratibu. Mabadiliko fulani ya jeni yakivuruga utaratibu huo, seli huzaliana bila kiasi na kutengeneza uvimbe. Usio saratani kwa kawaida hukua polepole, mara nyingi umefungwa ndani ya ganda, husukuma tishu za jirani bila kuzipenya, na hausafiri. Saratani hupenya. Huingia kwenye mishipa ya damu na ya limfu, kisha huota mbali na ilikoanzia: kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo.

Kidole hakiwezi kuamua tofauti hii kwa uhakika, wala maumivu hayawezi. Saratani nyingi haziumi mwanzoni, na kutouma huko ndiko kunakowafanya watu wangoje. Anayeamua ni mtaalamu wa patholojia. Kinyama kilichokatwa huhifadhiwa kwenye dawa ya fomalini, hukatwa vipande vyembamba vya maikromita chache tu, hutiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Hapo anaangalia kama viini vya seli vimekuwa vikubwa na vyeusi kupita kawaida, seli ngapi ziko katika kugawanyika, na kama mpaka wa uvimbe umevunjwa.

Wakati mwingine jambo zima hutegemea mpaka huo. Mfano ni aina moja ya uvimbe kwenye tezi ya shingo inayoitwa folikula. Seli za adenoma ya folikula, isiyo saratani, na za karsinoma ya folikula, iliyo saratani, zinaweza kufanana kabisa. Kinachozitenganisha ni kama seli zimetoboa ganda au kuingia kwenye mishipa ya damu. Sindano nyembamba huvuta seli tu, haileti ganda. Kwa hiyo majibu ya sindano yanayosema "haijulikani" si lazima yawe uzembe wa maabara. Mara nyingi ndio ukweli wote ambao sindano inaweza kutoa, mpaka upande huo wa tezi uondolewe na ganda lichunguzwe.

Majina yanavyojengwa

"-oma" ni kiambishi kutoka Kigiriki chenye maana ya uvimbe. Mbele yake huwekwa tishu uvimbe ulikoanzia: lipoma ni ya mafuta, adenoma ni ya tezi, osteoma ni ya mfupa, leiomioma ni ya misuli laini, nayo ndiyo fibroidi. Ikiwa ni saratani, jina hubadilika kulingana na tishu. Karsinoma hutoka kwenye tishu zinazofunika viungo na zinazounda tezi; sarkoma hutoka kwenye tishu zinazoushikilia mwili, kama mifupa, misuli na mafuta. Hivyo lipoma ina mwenzake hatari, liposarkoma. Leiomioma ina leiomiosarkoma. Adenoma ina adenokarsinoma.

Shirika la Afya Duniani limeuweka mpango huu katika namba. Lipoma ni 8850/0 na liposarkoma ni 8850/3. Namba za kwanza hutaja aina ya tishu, na ile inayofuata mkwaju hutaja tabia: 0 si saratani, 3 ni saratani. Msomaji akikumbuka hilo tu, tayari anaweza kusoma sehemu kubwa ya ripoti yake.

Mianya ndiyo inayopoteza watu. Limfoma, melanoma, mesothelioma, seminoma, nyuroblastoma na retinoblastoma zinasikika kama jamaa wa lipoma, lakini zote ni saratani. Upande wa pili, hematoma ni damu iliyovilia, granuloma ni tishu zilizojikusanya kupambana na maambukizi kama kifua kikuu au kichocheo kingine, na glaukoma ni ugonjwa wa jicho usio na uvimbe wowote. Mengine hubeba majina ya watu, kama Burkitt, Kaposi na Wilms, na hayo hayasemi chochote kuhusu tishu wala tabia. Na leukemia, saratani ya damu, kwa kawaida haina uvimbe wa kushika. Si kila uvimbe ni saratani, na si kila saratani ni uvimbe.

Msimamo wa kwanza: pande mbili zinatosha

Wanaoshikilia mgawanyo wa pande mbili wana hoja nzito. Daktari wa wilaya mwenye foleni ndefu anahitaji jibu linaloongoza hatua: huyu apewe rufaa leo, huyu aje baada ya miezi. Mgonjwa naye anataka kujua kama maisha yake yako hatarini. Uvimbe mwingi unaopatikana kwa watu si saratani, na kulisema hilo waziwazi huondoa hofu na gharama.

Udhaifu wake ni kudhani kwamba "si saratani" maana yake ni salama, na "saratani" maana yake ni kifo. Taya la binadamu linaonyesha kosa hilo vizuri kuliko kiungo kingine chochote.

Mwaka 1958, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya, akauita ugonjwa huo sarkoma. Wataalamu wa patholojia wa hapo Kampala, akiwemo George O'Conor, walionyesha kwamba ni limfoma. Mabadiliko hayo ya jina yalikuwa na uzito kwenye tiba. Limfoma huanza kwenye seli za kinga na kuzagaa mwilini, kwa hiyo kisu hakiwezi kuifuata. Burkitt na wenzake walijaribu dawa, ikiwemo saiklofosfamaidi, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo hiyo huzifanya zidhurike haraka na dawa, na mtoto anayewahi ana nafasi nzuri ya kupona.

Taya hilo hilo, kwa kijana au mtu mzima, linaweza kuota ameloblastoma, inayotokana na tishu zinazotengeneza meno. Kwa hesabu ya pande mbili, si saratani. Hukua polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu. Lakini hula mfupa, na ikikwanguliwa tu hurudi mara nyingi. Tiba za kemikali za kawaida haziisaidii. Wapasuaji hulazimika kuukata uvimbe pamoja na sehemu ya mfupa wenye afya unaouzunguka, kisha kulijenga taya upya, wakati mwingine kwa mfupa uliotolewa mguuni. Yaani saratani imepona kwa dawa, na isiyo saratani imeondoka na nusu ya taya.

Mifano haiishii hapo. Meningioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi si saratani, lakini fuvu halina nafasi ya ziada na uvimbe unaweza kumpofusha mtu au kumuua. Miksoma ya moyo haisambai kama saratani, lakini kipande chake kikimeguka kinaweza kuziba mshipa wa ubongo na kuleta kiharusi. Mahali uvimbe ulipo panaweza kuwa na uzito zaidi kuliko aina yake.

Msimamo wa pili: ni ngazi, si pande mbili

Kundi la pili linasema kati ya 0 na 3 kuna vidato, na Shirika la Afya Duniani lenyewe limevipa namba. 1 ni uvimbe ambao tabia yake haina uhakika. 2 ni seli zenye sura ya saratani ambazo bado hazijapenya chini ya utando zilipoanzia. Juu ya hapo huongezwa vipimo viwili vinavyochanganywa sana: daraja na hatua. Daraja hueleza seli zinavyoonekana na kasi yake. Hatua hueleza ugonjwa umefika wapi mwilini. Mtu anaweza kuwa na saratani ya daraja la juu iliyo bado katika hatua ya kwanza.

Nguvu ya msimamo huu inaonekana kwenye mlango wa kizazi. Kutoka maambukizi ya HPV hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20, na miaka 5 hadi 10 kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kwa mfano kwa VVU visivyotibiwa. Katika muda huo seli hupanda ngazi taratibu. Kipimo cha siki huweza kuonyesha mabadiliko, na tiba ya kugandisha au ya joto huyaondoa kabla hayajawa saratani. Chanjo, ambayo Tanzania iliieneza nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, huzuia hata kidato cha kwanza. Bila wazo la ngazi, mpango huu wote usingekuwepo.

Mimba zabibu nayo ni mfano wa kidato cha katikati. Wengi hupona baada ya kusafishwa, lakini wachache hupata saratani ya tishu za kondo, na kwa hiyo mama hufuatiliwa kwa kupimwa homoni ya ujauzito mara kwa mara. Akifuatiliwa, saratani hiyo hutibika vizuri kwa dawa. Akipotea, inaweza kumuua.

Hapo ndipo udhaifu wa ngazi unapoonekana. Kidato cha katikati kinadai kurudi kliniki, na kurudi kunadai nauli, ruhusa ya kazi na mtu wa kubaki na watoto. Mgonjwa aliyeambiwa "bado si saratani" husikia "huna kitu". Wataalamu nao hutofautiana: kinyama kimoja kinaweza kupewa 1 na mmoja na 2 na mwingine.

Msimamo wa tatu: liondolewe neno saratani pale lisipostahili

Kundi la tatu linatazama madhara ya jina. Korea Kusini ilieneza upimaji wa tezi ya shingo kwa picha za ultrasaundi, na kati ya mwaka 1993 na 2011 saratani ya tezi hiyo iliyogunduliwa iliongezeka mara 15, lakini vifo havikubadilika. Maana yake, watu wengi walipasuliwa na wengi wao kubaki wakimeza homoni maisha yao yote, kwa ugonjwa ambao usingewasumbua.

Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walipitia wagonjwa 109 wa aina moja ya karsinoma ya tezi ambayo haikuwa imevunja ganda lake. Walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 10 hadi 26, na wote walikuwa hai bila ugonjwa. Neno karsinoma likaondolewa kwenye jina la uvimbe huo. Mjadala kama huo unaendelea kuhusu seli zenye sura ya saratani zilizobaki ndani ya mirija ya maziwa na kuhusu saratani za tezi dume za daraja la chini kabisa.

Nguvu yake ni huruma yenye ushahidi: jina zito huzaa tiba nzito. Udhaifu wake ni kwamba ushahidi huo umetoka hasa kwenye nchi ambazo watu wazima wasio na dalili hupimwa kwa wingi. Kwetu Afrika Mashariki, tatizo kubwa ni wanawake kufika na uvimbe wa titi uliokwisha kutoboa ngozi. Kulainisha jina mbele ya jamii inayochelewa kunaweza kuwapa watu sababu nyingine ya kungoja, na mdharau mwiba mguu huota tende.

Msimamo wa nne: jeni iamue

Kundi la nne linasema sura ya seli inadanganya, jeni zisomwe. Uainishaji wa uvimbe wa ubongo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umekwenda mbali katika njia hii: sehemu ya majina sasa hayatolewi bila kipimo cha jeni. Faida ni kubwa, kwa sababu jeni iliyoharibika wakati mwingine huonyesha dawa inayofaa. Kwenye titi pia, kujua kama seli zina vipokezi vya homoni, ingawa si kipimo cha jeni yenyewe, huamua kama vidonge nafuu vya tamoksifeni vitamsaidia mgonjwa.

Lakini hata jeni haimalizi kazi. Kuna uvimbe wa mafuta wenye seli zile zile na jeni ile ile, MDM2, iliyoongezeka kupita kiasi, ambao hupewa majina mawili. Ukiwa mkononi au mguuni huitwa uvimbe wa mafuta usio wa kawaida, kwa sababu mpasuaji anaweza kuutoa wote. Ukiwa nyuma ya tumbo, kuzunguka figo, huitwa liposarkoma, kwa sababu kuutoa wote ni vigumu na kurudi kwake huua. Na kwa maabara nyingi za ukanda wetu, vipimo vya jeni bado viko mbali au bei yake haishikiki.

Gharama ya kujua

Misimamo yote minne hutegemea kinyama, na kinyama kina wapinzani. Imani kwamba "ukiguswa na kisu saratani inasambaa" imewazuia wengi. Chanzo chake kinaeleweka: wengi hukubali kukatwa wakiwa wamechelewa, hufariki baadaye, na lawama hubaki kwa kisu. Ukweli ni kwamba kinyama kikichukuliwa kwa utaratibu, hatari ya kusambaza saratani ni ndogo sana, na hatari ya kutojua ni kubwa zaidi. Zipo sehemu zenye kanuni zake: uvimbe wa korodani unaodhaniwa kuwa saratani hauchomwi sindano kupitia mfuko, bali korodani hutolewa kwa njia ya kinena. Hiyo ni sababu ya kumwona mtaalamu, wala si sababu ya kukimbia.

Upo pia uzembe unaokwepeka. Uvimbe ukitolewa na kutupwa bila kupelekwa maabara, mgonjwa amebaki na kovu bila jina. Ukiwekwa kwenye maji badala ya fomalini, huoza kabla haujasomwa. Familia ina haki ya kuuliza kinyama kimepelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Tukipima mizani

Msimamo wa kwanza unafaa kwa uamuzi wa haraka wa rufaa, na kwa hilo hauna mbadala. Msimamo wa pili unafaa kwa kinga, mradi kituo kina njia ya kumtafuta aliyekosa kurudi; bila hiyo, ngazi hugeuka shimo. Msimamo wa tatu una haki, lakini kwetu uingie kwa uangalifu, ugonjwa mmoja baada ya mwingine. Msimamo wa nne uanze na vipimo vichache vinavyobadilisha tiba iliyopo kweli, kama vipokezi vya homoni vya titi, kabla ya vile vinavyoelekeza kwenye dawa ambazo hakuna anayeweza kuzinunua.

Kinachoiunganisha misimamo hii ni maswali manne ambayo mgonjwa yeyote anaweza kumuuliza daktari, na ambayo ripoti nzuri inapaswa kuyajibu. Uvimbe huu umetoka kwenye tishu gani? Una tabia gani, yaani si saratani, uko katikati, au ni saratani, na kama ni saratani ni daraja lipi? Uko wapi, na unabana nini? Umefika wapi? Ameloblastoma ingejibiwa vibaya kwa swali la pili peke yake, na limfoma ya Burkitt ingetisha kuliko inavyostahili. Kwa maswali yote manne, kila moja inapata tiba yake.

Kwa muhtasari

Uvimbe usio saratani haupenyi wala hausafiri kama saratani, lakini unaweza kuua kwa mahali ulipo. Saratani hupenya na kusambaa, lakini nyingi hutibika zikiwahiwa, na baadhi ya zile kali kabisa hupona kwa dawa. Kiambishi "-oma" hakimaanishi salama wala hatari. Mgawanyo wa pande mbili, ngazi, mabadiliko ya majina na vipimo vya jeni vyote vina kazi yake, na kila kimoja hukosea kikiachiwa kazi yote. Anayeona uvimbe mpya, unaokua, au usiopungua baada ya wiki chache, aende kupimwa, akubali kinyama kikihitajika, na asiondoke na jina peke yake bila majibu ya maswali manne.